Nameza dawa ya fangasi wa kucha, ladha imepotea na kichwa kinazunguka. Niendelee au niache?

Shikamoo anti, pole na majukumu. Naomba jina langu usiliweke.

Mi ni mama wa miaka 41. Kucha za vidole gumba vya miguu, yote miwili, zimekuwa nene, za njano, nikizikata zinameguka na chini yake unatoka unga unga mweupe. Hali hii ninayo miaka sasa, nimepaka krimu za kila aina nimechoka, viatu vya wazi nimeacha kuvaa. Mwisho nikaenda kwa daktari, akaangalia miguu dakika mbili hivi akaniambia hao ni fangasi, akaniandikia vidonge vya terbinafini vya miligramu 250, kimoja kila siku kwa wiki 12. Damu hakunipima, kucha hakukwangua, wala hakuniuliza natumia dawa gani nyingine, na mi kwa kweli sikuona cha kusema.

Sasa boksi la kwanza limeisha niko kwenye la pili na nina maswali mengi. La kwanza, kucha ziko vilevile! Sioni mabadiliko hata kidogo, ndo nawaza labda dawa ni feki au dozi ni ndogo nimeze viwili kwa siku. La pili, mdomo wangu hauna ladha. Ilianza na kitu kama ladha ya chuma, sasa hivi hata chumvi siisikii, napika naomba watoto waonje, nakula kwa sababu tu saa ya kula imefika na nguo zimeanza kunipwaya. La tatu, juzi nikasoma ile karatasi ya ndani ya boksi, nikakuta mambo ya ini kuharibika mpaka mtu kufa, usiku ule sikulala.

Halafu kuna hili sijui kama linahusika, nikiinuka kitandani nasikia kizunguzungu, ngazi ambazo nilikuwa napanda bila kufikiria sasa nasimama katikati napumua, ila nadhani ni kwa sababu sili vizuri. Nameza pia metoprololi kwa ajili ya moyo kwenda mbio, hiyo ni ya miaka mingi na haijawahi kuniletea shida.

Rafiki yangu ananiambia niachane na terbinafini nichukue flukonazoli, kile kidonge kimoja cha fangasi wa ukeni, eti fangasi ni fangasi, na isipofanya kazi ananiletea ketokonazoli za vidonge alizobakiza mama yake. Na mume wangu naye kucha zimeanza kugeuka rangi, anasema tugawane hizi zangu. Yeye aliwahi kuambiwa ana homa ya ini B ila hana dalili yoyote yuko fiti kabisa. Nisaidie anti, niendelee au niache?

Mama wa kucha

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana.

Umeniuliza kuhusu kucha, ladha na ini, na yote nitayajibu, ila mimi kama mfamasia jicho langu limegota kwenye ile sentensi uliyoipitia haraka haraka, ya metoprololi. Hapo ndo tuanzie, na ukimaliza kusoma aya hizi mbili tatu za mwanzo weka simu pembeni ufanye nilichokuambia, mengine utarudi kuyasoma.

Iko hivi. Dawa nyingi tunazomeza zinavunjwavunjwa kwenye ini na vimeng'enya, na kila kimeng'enya kina dawa zake kinazozishughulikia. Metoprololi inavunjwa zaidi na kimoja kinaitwa CYP2D6. Terbinafini inakifunga hichohicho, na inakifunga kwelikweli. Kwa hiyo we unameza metoprololi ileile, dozi ileile ya miaka yote, lakini mwili hauiondoi kama zamani, inajaa kwenye damu, na matokeo yake mapigo ya moyo yanakuwa ya polepole mno na presha inashuka. Mtu wa namna hiyo akikusimulia anavyojisikia atakuambia nini? Kizunguzungu nikiinuka, ngazi zinanishinda, nachoka. Inawezekana kweli ni njaa maana huli, inawezekana ni vyote viwili kwa pamoja, ndo maana lazima upimwe usikae unakisia.

Sasa fanya hivi. Kaa kwenye kiti utulie dakika tano, chukua kidole cha shahada na cha kati cha mkono mmoja (gumba usilitumie, lina mapigo yake) weka kwenye kifundo cha mkono mwingine upande wa kidole gumba mpaka usikie mapigo, uhesabu kwa sekunde 60 kamili. Kama ni chini ya 50, au umewahi kuzimia au kukaribia kuzimia, au kifua kinabana, nenda hospitali leo leo hata kama ni usiku, na maboksi yote mawili ya dawa uende nayo. Kama mapigo yako juu ya hapo na huna dalili hizo, bado namtaka daktari akuone ndani ya siku moja au mbili, akupime presha ukiwa umelala na ukiwa umesimama, na kile kipimo cha umeme wa moyo.

Metoprololi usiiache mwenyewe ghafla. Narudia hilo kwa sababu najua watu, ukishasikia dawa fulani ndo inaleta kizunguzungu mkono unaenda kwenye kuacha. Hizi dawa za kundi hili ukizikata kwa mkupuo moyo unaweza kurudi kwenda mbio vibaya kuliko mwanzo. Daktari anaweza kukupunguzia dozi au kukuhamishia kwenye nyingine ya kundi hilohilo ambayo haipiti kwenye kimeng'enya hiki, atenololi kwa mfano inatoka kwa figo. Halafu kuna kitu hata madaktari wengine wanakisahau, mkumbushe: terbinafini haitoki mwilini haraka. Inajificha kwenye mafuta, kwenye ngozi, kwenye kucha, na ukishaiacha kile kimeng'enya kinaweza kuchukua wiki hata miezi kurudi kawaida. Maana yake dozi ya metoprololi ikipunguzwa sasa, baadaye itabidi iangaliwe tena, la sivyo moyo utaanza mbio zake na mtashangaa imetokea wapi.

Terbinafini yenyewe sasa. Ya kesho usimeze. Simamisha mpaka uongee na daktari, na sababu yangu kubwa hapa ni mdomo wako. Kubadilika kwa ladha ni athari inayojulikana kabisa ya dawa hii, haiwapati wengi ila ikimpata mtu ni mateso, wengine ladha inapungua, wengine inapotea yote, wengine na harufu inaondoka nayo, na wapo wanaofika kukonda na kukosa raha ya maisha. Wewe nguo zimeshaanza kupwaya. Maelekezo ya dawa yanasema wazi ikifika hapo inaachwa. Kwa watu wengi ladha inarudi baada ya kuacha, lakini sio kesho yake, ni wiki kadhaa na kwa wengine miezi, na wachache mno haikurudi yote, ndo maana sikushauri uvumilie eti umalize boksi. Na usiogope kwamba ukiacha siku chache fangasi watakuvamia, hao umeishi nao miaka, hawana haraka yoyote. Hii sio kama antibiotiki ya nimonia.

Wakati ladha haipo usiongozwe na ulimi kwenye chumvi. Endelea na watoto waonje, na wewe kula kwa saa kama unavyofanya. Jipime uzito kila wiki kwa mzani uleule.

Kuhusu ini. Ile karatasi uliyosoma haijakudanganya, madhara ya ini yapo na yamewahi kuua, ila ni nadra sana, na mengi yanashikwa mapema mtu akijua anatafuta nini. Unatafuta: macho kuwa ya njano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, choo kuwa cheupe, mwili kuwasha bila upele, kichefuchefu kisichoisha, kuchoka kusikoelezeka, maumivu tumboni upande wa kulia juu chini ya mbavu. Moja tu kati ya hizo likitokea dawa inaachwa siku hiyohiyo na damu inapimwa. Upele unaosambaa, malengelenge au vidonda mdomoni, vilevile. Sasa wewe umesema umechoka na huna hamu ya kula, na nina maelezo mengine mazuri tu ya hivyo vitu viwili, lakini siwezi kuondoa ini kwenye hesabu bila kipimo, kwa hiyo ukienda kwa daktari omba kipimo cha vimeng'enya vya ini, ALT na AST. Hicho kilitakiwa kipimwe kabla hujameza kidonge cha kwanza. Nasema hivi sio kumsema daktari wako, ila mtu akiandikiwa dawa hii ana haki ya kuuliza "ini langu limepimwa?" na ana haki ya kumwaga mezani kila anachomeza, hata asipoulizwa.

Na kwa wasomaji wengine wanaosoma hapa, kile kimeng'enya sio cha metoprololi peke yake. Amitriptilini, paroksetini na dawa nyingine za msongo na sonona zinapitia hapohapo, zinaweza kujaa mwilini. Kwa kodeini na tramadoli inakuwa kinyume, hizo zinakihitaji kimeng'enya hicho ili zigeuke kuwa dawa ya maumivu yenye nguvu, kwa hiyo unameza na maumivu yanabaki palepale. Anayetumia rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu, hiyo inaifukuza terbinafini mwilini kwa kasi kama mara mbili. Hata kahawa inakaa mwilini muda mrefu kidogo, ukiona unakesha macho ujue.

Haya, kucha. Dawa sio feki kwa sababu tu huoni kitu, na dozi usiongeze, viwili kwa siku ni kuongeza madhara tu. Ukweli ambao ungeambiwa siku ya kwanza usingepata presha yote hii ni kwamba terbinafini haisafishi kucha iliyoharibika. Inaingia kwenye kucha mpya inayoota kutoka kwenye shina, inazuia fangasi wasitengeneze utando wa seli zao, basi. Ile ya zamani nene ya njano itabaki nene na ya njano mpaka isukumwe mbele ikatwe. Na kucha ya kidole gumba cha mguu inaota milimita moja mpaka moja na nusu kwa mwezi. Boksi moja limeisha, maana yake kuna kamilimita kamoja hivi, na kenyewe bado kamefichwa na ngozi ya shina! Kucha nzima kubadilika ni mwaka, mwaka na nusu. Ndo maana watu wanamaliza wiki 12, wanaangalia, wanasema dawa haikufanya kazi wanaanza upya bila sababu, wakati dawa bado iko ndani ya kucha inaendelea kazi miezi baada ya kidonge cha mwisho.

Kuna njia moja rahisi ya kujua. Chukua tupa ndogo ya kucha ukwaruze kamstari kembamba ka kulala pale hasa kucha mbovu inapoanzia upande wa shina, usichimbe, kaonekane tu. Kila baada ya wiki nne piga picha mwanga uleule. Kamstari katasogea mbele kwa sababu kucha inaota. Kama nyuma ya kamstari panatokea kucha safi ya rangi ya kawaida, unashinda. Kama njano imerudi nyuma ikavuka kamstari kwenda shinani, fangasi bado wapo, au hawakuwa fangasi.

Na hili la pili ndo linanisumbua, kwa sababu kucha yako haikukwanguliwa. Karibu nusu ya kucha zilizoharibika umbo na rangi sio fangasi. Ni soriasisi (ugonjwa wa ngozi usio wa fangasi), ni kiatu kinachobana miaka, ni kujigonga, ni umri. Kwa macho hata mtaalamu anakosea. Kabla ya kurudi kwenye kidonge chochote omba ule unga unga wa chini ya kucha ukakwanguliwe upelekwe maabara, waangalie kwa hadubini na waoteshe. Ila ujue kwamba umeshakuwa kwenye dawa, majibu ya kuotesha yanaweza kutoka hakuna kitu hata kama fangasi wapo, mwambie mtu wa maabara. Inaweza kubidi kusubiri.

Nikuambie pia bila kukufunika, hata wanaomaliza dozi yote vizuri sio wote wanapata miguu ya tangazo. Kwenye majaribio yaliyotumika kuisajili dawa hii kwa kucha za miguu, walipoangaliwa wiki ya 48 asilimia 70 fangasi walikuwa wameondoka, lakini waliokuwa na vyote, yani fangasi wameisha na kucha imekuwa safi kabisa, ni asilimia 38. Na hiyo bado ni moja ya dawa bora tulizo nazo kwa kazi hii.

Rafiki yako anakupenda ila kwenye hili asikusaidie. Fangasi sio fangasi. Wa kucha za miguu mara nyingi ni wale wanaoitwa dermatofaiti, hasa mmoja anaitwa Trichophyton rubrum, na terbinafini ndo kiboko chao. Wa ukeni ni kandida, jamii ya hamira, huko flukonazoli ya miligramu 150 mara moja inatosha kwa wengi. Kwa kucha, kidonge kimoja hakifanyi kitu chochote, ikitumika inatolewa mara moja kwa wiki kwa miezi mingi, na inabaki chaguo la pili. Tena flukonazoli inaweza kuvuruga mwendo wa umeme wa moyo, na wewe mwenye historia ya moyo kwenda mbio sio mtu wa kuchukua hiyo dukani kimya kimya. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ndo kabisa, damu inaweza kuwa nyepesi mpaka atoke damu.

Itrakonazoli ipo nayo, wengine wanameza wiki moja kwa kila mwezi, ila mwenye moyo uliochoka haandikiwi kwa ajili ya kucha. Na zile ketokonazoli za mama yake, hapana, tena hapana kubwa. Mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya zilishauri vidonge hivyo vya fangasi viondolewe sokoni, na Marekani wakasema visitumike tena kwa ngozi na kucha, kwa sababu ya ini, na pia vinachezea homoni za tezi za juu ya figo. Shampuu na krimu ya ketokonazoli ni habari nyingine, hizo hazina tatizo hilo.

Ukiniuliza mimi, baada ya moyo na ini kuangaliwa na ladha kurudi, ningemwuliza daktari kuhusu dawa za kupaka juu ya kucha, zile rangi za amorolfini au siklopiroksi. Ni dhaifu kuliko vidonge na zinataka subira ya karibu mwaka, kusugua kucha iwe nyembamba, kupaka bila kuruka. Lakini haziingii kwenye damu kwa kiasi cha kukusumbua, na kwako kucha mbaya haijawahi kuwa hatari kama kizunguzungu kile. Na ngozi ya katikati ya vidole kama inamenyuka tibu nayo kwa krimu, maana fangasi wa kucha mara nyingi walianzia hapo. Tupa ya kucha mbovu isiguse nzima.

Mume wako asimeze hata kimoja. Terbinafini haitolewi kwa mtu mwenye ugonjwa wa ini unaoendelea, na homa ya ini B inaweza kukaa mwilini miaka mtu akiwa fiti kama unavyosema. Kwanza kucha zake hazijapimwa, hatujui ni nini. Anachotakiwa kufanya, na hiki ni muhimu kuliko kucha zake, ni kwenda kupima ile B imefikia wapi, wingi wa virusi na hali ya ini, kama hajafuatilia tangu alipoambiwa. Na wewe na watoto mpime pia, asiye nayo apate chanjo. Nendeni pamoja siku hiyohiyo unayoenda kuangaliwa moyo.